Nani Anasikia Jibu? Jinsi ya Kuchagua Njia ya Kuwahoji Wagonjwa

Anayetaka kujua wagonjwa wanasemaje kuhusu kituo cha afya kwa kawaida huanza kwa kuandika maswali. Hukaa na wenzake siku tatu wakibishana kuhusu neno hili na lile, kisha mwishoni kabisa, bajeti ikiwa mezani, ndipo mtu anauliza: tutawapata vipi, kwa simu au tuwafuate nyumbani? Hapo uamuzi hufanywa na bei ya mafuta ya gari. Mwongozo huu unapendekeza kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Njia ya kumfikia mgonjwa iamuliwe kwanza, kwa sababu njia hiyo ni sehemu ya swali lenyewe, na swali lile lile likipita mlango mwingine hurudi na jibu jingine.

Nimesimamia wadadisi kwa miaka kadhaa kusini magharibi mwa Uganda, hasa katika wilaya ya Isingiro, ambako makazi ya wakimbizi ya Nakivale yana wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka mashariki ya Kongo. Asubuhi moja tulikuwa tukiwahoji akina mama wanaotoka kwenye kituo kimoja cha afya. Mdadisi wetu alikuwa ameketi kwenye benchi la duka la dawa lililo mkabala na lango, kitambulisho kikining'inia shingoni kwa utepe wa buluu. Mama mmoja, mtoto mgongoni na daftari la matibabu limekunjwa mkononi, alijibu kila kitu haraka haraka. Je, alisubiri muda mrefu? "Si sana." Wahudumu walimheshimu? "Sana, dada." Kuna hela yoyote aliyotoa? Alimtazama muuguzi aliyekuwa akivuka barabara kwenda kununua maji, akakaza kitenge, akasema, "Hapana, hapa ni bure." Wiki mbili baadaye mdadisi mwingine alimkuta nyumbani akichambua maharage na kumuuliza maswali yale yale, neno kwa neno. Alisema alitoa shilingi 5,000 za glavu, na kwamba alifika saa moja asubuhi akaonwa na mhudumu saa saba mchana.

Mama yule hakuwa mwongo. Ada katika vituo vya serikali nchini Uganda zilifutwa mwezi Machi 2001, kwa hiyo swali la hela, hata likiulizwa kwa upole, linamtaka mgonjwa amshitaki mtu. Na mtu huyo alikuwa pale, hatua chache tu, huku mtoto akiwa na chanjo ya kurudia mwezi unaofuata. Jibu alilolitoa benchini lilikuwa jibu la busara kwa mtu aliye katika hali yake. Kosa lilikuwa letu, tuliomuuliza mahali ambapo ukweli ungeweza kumgharimu.

Pitia dodoso swali kwa swali

Kabla ya kuchagua njia yoyote, chukua dodoso lako na kalamu. Pembeni mwa kila swali andika nani angeweza kulisikia jibu, na je, akilisikia, mhojiwa atapoteza nini. Utaona maswali yakijigawa yenyewe. Yapo yasiyomuumbua mtu: alitembea umbali gani, alikuja siku gani, alipewa dawa ngapi kati ya zilizoandikwa. Yapo ya kutathmini watu: je, muuguzi alikusikiliza, je, ulieleweshwa. Na yapo ya aibu au hatari: pesa zilizotolewa chini kwa chini, virusi vya UKIMWI, uzazi wa mpango ambao mume haufahamu, kipigo cha nyumbani. Kundi la kwanza hubadilika kidogo tu njia inapobadilika, ingawa kumbukumbu nayo huchakaa. Kundi la pili huyumba. Kundi la tatu linaweza kugeuka kabisa, na ndilo linalopaswa kuamua njia ya utafiti mzima, hata kama ni maswali matatu tu kati ya arobaini.

Mahojiano ya langoni

Kumhoji mgonjwa anapotoka kituoni ni rahisi na kuna faida moja kubwa: kumbukumbu bado ni mbichi. Ukitaka kujua kama mgonjwa alielezwa namna ya kumeza dawa, muulize hapo hapo, akiwa na pakiti mkononi, na umwombe akuonyeshe. Ukisubiri mwezi mmoja, atakuwa amesahau au atakuwa amechanganya na safari nyingine.

Kwa tathmini ya wahudumu, hata hivyo, lango ni mahali pabaya. Sogeza mahojiano mbali na kituo, angalau hadi mahali ambapo jengo halionekani. Vua utepe na koti lolote linalofanana na sare ya hospitali. Usimtumie mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kama mdadisi, kwa kuwa watu wanamjua kuwa ni mkono wa kituo. Anaweza kukuonyesha njia, kisha aende zake. Kumbuka pia kwamba langoni huwapati waliochoka foleni wakaondoka bila huduma, wala wale waliokata tamaa wakabaki nyumbani. Lango lina wagonjwa waliohudumiwa tu, na hao wana sababu ya kushukuru.

Mahojiano ya nyumbani

Nyumbani ndipo watu husema zaidi, mradi wawe na faragha, na faragha katika nyumba ya vyumba viwili haipatikani kwa kuiomba mara moja. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atataka kukusindikiza, na ni haki yake kujua umefika kwake; msalimu, jiandikishe kwenye kitabu chake, kisha umwombe kwa heshima akuache uendelee mwenyewe. Jirani atakuja kusikiliza. Mama mkwe atajibu kwa niaba ya mkamwana. Wafundishe wadadisi wako kuwa na ukurasa wa maswali ya kawaida kuhusu maji, shamba na chandarua, wanaoweza kuurukia mara mtu wa tatu anapoingia, na kuuacha anapoondoka. Katika tafiti kubwa za idadi ya watu na afya, zinazoendeshwa hapa na Shirika la Takwimu la Uganda, maswali ya ukatili wa nyumbani huulizwa kwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na mdadisi huagizwa kuacha iwapo faragha haipatikani. Jibu lililokosekana ni afadhali kuliko jibu lililomletea mtu kipigo usiku, na naomba msimamizi yeyote anayesoma haya alichukue hilo kwa uzito wote.

Jambo ambalo miongozo mingi hulipitia juu juu ni lugha. Sehemu nyingi za katikati ya Uganda wazee bado wanakihusisha Kiswahili na jeshi na polisi, tangu miaka ya Idi Amin na hata kabla yake. Ukiingia uani kwa Mganda wa miaka sabini na kufungua mazungumzo kwa Kiswahili, unaweza kupata majibu ya mtu anayehojiwa na askari: mafupi, ya kukubali, yasiyo na malalamiko. Kwa huyo tumia Luganda. Nakivale mambo ni kinyume: kwa Mkongo kutoka Kivu Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, na kuhojiwa kwa Kinyankole ndiko kunakomfanya ajione mgeni. Lakini Kiswahili chake si hiki ninachoandika. Tulipomuuliza bibi mmoja kama "alimwona mganga" katika miezi mitatu iliyopita, alijibu ndiyo, na mdadisi wetu aliyekulia Jinja akajaza kwamba alikwenda kwa mtaalamu wa dawa za kienyeji. Kwa bibi yule, kama kwa Wakongo wengi, mganga ni daktari wa hospitali. Uso kwa uso kosa hilo liligunduliwa, kwa sababu bibi alionyesha karatasi yake ya maabara. Kwa simu lingebaki kwenye data hadi leo.

Simu

Wengi wanaikimbilia simu kwa sababu ya gharama, na wakati mwingine hakuna njia nyingine. Vizuizi vya UVIKO-19 vilipoanza mwaka 2020, Shirika la Takwimu pamoja na Benki ya Dunia walianzisha mwezi Juni mwaka huo utafiti wa simu wa mara kwa mara, kwa kuzipigia kaya zilizokuwa tayari kwenye utafiti wa kitaifa wa 2019/20 na zilizokuwa zimeacha namba. Huo ni mpango mzuri, kwa sababu waliopigiwa walikuwa wameshaonana na wadadisi ana kwa ana. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 wa tafiti za namna hiyo katika Uganda, Ethiopia, Malawi na Nigeria ulionyesha kwamba waliojibu walikuwa zaidi wakuu wa kaya na wenzi wao, wenye umri mkubwa na elimu zaidi kuliko watu wazima kwa jumla. Anayepokea simu ya nyumbani si lazima awe yule aliyejifungua mwezi uliopita.

Basi tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni nani anafikiwa. Asiye na simu, anayeazima ya jirani, ambaye kijiji chake hakina mtandao, hayumo. La pili ni namna aliyefikiwa anavyojibu kwa sababu tu ya kuwa kwenye simu. La kwanza unaweza kulipunguza kwa kuwapa wanaofanana na waliokosekana uzani mkubwa zaidi katika hesabu. La pili uzani hauligusi.

Ushahidi wa hili la pili ni wa muda mrefu. Marekani, mwaka 2006, wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali 45 waligawanywa kwa nasibu katika njia nne: dodoso la posta, simu, posta ikifuatwa na simu, na sauti ya mashine inayojibiwa kwa vitufe. Waliohojiwa kwa simu na kwa mashine walizisifu hospitali zao zaidi kuliko waliojaza karatasi. Tangu hapo alama za hospitali za nchi ile hurekebishwa kulingana na njia iliyotumika kabla ya kutangazwa kwa umma, ili hospitali inayopiga simu isionekane bora kwa sababu ya simu tu. Posta yao haitufai sisi, lakini sababu ya tofauti hiyo ipo hata hapa: kumwambia mtu aliye hai, mwenye sauti ya adabu, kwamba ulitendewa vibaya ni kazi ngumu, na kwetu sisi tuliofunzwa kutomkatisha mgeni tamaa ni ngumu zaidi.

Kuna pia mpangilio wa majibu. Anayesomewa orodha kwa sauti hushika zaidi la mwisho, na anayesoma mwenyewe huvutwa na la kwanza. Mtu aliyesimama shambani, simu begani, akisomewa "vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya, vibaya sana," hawezi kubeba yote matano kichwani. Atakamata ncha moja. Livunje swali mara mbili. Uliza kwanza, "Ulihudumiwa vizuri, vibaya, au katikati?" Akisema vizuri, uliza, "Vizuri tu, au vizuri sana?" Na kwa nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa nasibu, geuza mpangilio uanze na vibaya. Programu nyingi za kukusanya data kwenye kishikwambi zinaweza kufanya hivyo zenyewe.

Kuhusu masikio, simu ni ya kudanganya. Mdadisi anadhani anaongea na mtu mmoja, kumbe simu imewekwa spika na familia yote imekaa mkekani. Anza kwa kuuliza kama yuko mahali anapoweza kuzungumza peke yake, na kama sivyo, panga saa nyingine. Kisha yaandike maswali nyeti ili jibu lake liwe ndiyo, hapana, au namba, ili anayesikiliza upande wake asijue kilichoulizwa. Mpe neno moja la kawaida la kukata mazungumzo. Sisi tulitumia "maharage hayajaiva," na lilitumika mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Watu huuliza pia, na wana haki, "Namba yangu umeipata wapi?" Matapeli wa pesa za simu wamewafundisha kushuku. Tuma ujumbe mfupi siku moja kabla, wenye jina la taasisi na namba ya kupiga kuhakikisha. Usisite kueleza chanzo cha namba: ikiwa ilitoka kwenye rejista ya kituo, mgonjwa atadhani kituo ndicho kinachopiga, na atajibu ipasavyo. Kwa sababu hiyo ni bora namba zikusanywe na timu yako mwenyewe, kijijini, mbali na rejista. Piga angalau mara tano kwa saa tofauti kabla ya kumwacha mtu. Asubuhi watu wako shambani. Siku ya soko na siku ya mgao wa chakula hawapokei. Jioni ndipo simu inarudi kutoka kwa mchajishaji. Ukiishia kwenye jaribio la pili, utakuwa umewahoji wenye umeme nyumbani. Na salio la shukrani litumwe kwa kila aliyejibu, awe amesifu au amelalamika, na aambiwe hivyo mwanzoni.

Ujumbe mfupi na mtandao

Hapa sitakaa sana. Ujumbe mfupi una herufi 160, unafaa swali moja au mawili ya wazi, na unamtaka mtu anayesoma. U-Report, huduma ya kuwauliza vijana maswali kwa ujumbe mfupi iliyoanzishwa na UNICEF hapa Uganda mwaka 2011, imeonyesha kwamba vijana wengi wako tayari kujibu kwa njia hii bila malipo, lakini waliojiunga kwa hiari yao si sampuli ya wagonjwa wa wilaya yoyote. Dodoso la mtandaoni linafaa kwa wahudumu wa afya wenyewe na wakazi wa mjini wenye simu za kisasa. Tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12, na mkulima hatatumia kifurushi chake kukueleza kuhusu foleni.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kura ya siri. Katika wilaya za Manicaland nchini Zimbabwe watafiti waliwapa wahojiwa wa vijijini karatasi za kura na sanduku lililofungwa, ili maswali ya mahusiano ya kimapenzi yajibiwe bila mdadisi kuona, na watu walikiri zaidi kuliko walipoulizwa kwa mdomo. Haihitaji umeme wala mtandao. Kwa asiyesoma, mdadisi husoma swali kwa sauti na mhojiwa huweka alama kwenye picha: sarafu iliyokatwa msalaba kwa "sikutoa hela," sarafu nzima kwa "nilitoa." Weka namba ya siri kwenye karatasi ili uweze kuiunganisha na dodoso lake, na sanduku lifunguliwe ofisini, kamwe lisifunguliwe kijijini. Kwa swali lile la glavu, hii ndiyo njia ningeitumia leo.

Kupima tofauti yenyewe

Ukiwa huna uhakika njia yako inapotosha kiasi gani, usikisie. Chukua orodha ya watu ambao wote wana simu, uwagawe kwa nasibu, nusu wapigiwe na nusu wafuatwe nyumbani, katika wiki zile zile na kwa maswali yale yale. Kwa kuwa wote wana simu, tofauti utakayoiona inatokana na njia, si na aina ya watu. Fahamu tu ukubwa unaohitajika. Ukiwa na watu 200 kila upande na jibu liko karibu na nusu kwa nusu, tofauti utakayopata inaweza kuyumba kwa takribani alama 10 za asilimia juu au chini kwa bahati tu. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kugundua tofauti ya kweli ya alama 10, unahitaji watu karibu 390 kila upande. Wilaya yenye fedha kidogo isijaribu kupima maswali yote. Ichague mawili au matatu ya kundi la hatari.

Utaratibu huo ni wa lazima unapobadilisha njia katikati ya mfululizo. Mwaka jana mliwafuata nyumbani, mwaka huu mnapiga simu, na kuridhika kumepanda. Kabla ya mganga mkuu wa wilaya kupongezwa, endesheni njia zote mbili sambamba kwa duru moja, hata kwa sampuli ndogo, na mtoe sehemu ya ongezeko iliyoletwa na simu. Nimewahi kuona ongezeko la namna hiyo likipelekwa kwenye mkutano wa bajeti, na dawa zikapunguziwa fungu kwa sababu "watu wameridhika." Waliolipia uamuzi ule ni wagonjwa wale wale ambao hawakuwa wamesema ukweli kwenye spika.

Vibali vipo katika kila njia: kamati ya maadili ya utafiti, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, inayohusu pia namba za simu unazozihifadhi. Futa namba mara tu duru inapokwisha.

Mwisho, ongeza safu sita kwenye data yako kwa kila mahojiano, na uzijaze siku hiyo hiyo: njia iliyotumika, mahali, lugha, jinsia ya mdadisi, mtu mwingine aliyekuwepo au kusikika, na jaribio la ngapi lilifanikiwa. Kisha, ukiandika ripoti, usiandike "asilimia kadhaa ya wagonjwa hawakutoa hela." Andika "asilimia kadhaa ya wagonjwa waliohojiwa langoni walisema hawakutoa hela," na mstari unaofuata uonyeshe walichosema waliohojiwa nyumbani.